Ampli Ikizimika Ovyo, Tuanze na Waya

Ampli inayozimika yenyewe katikati ya wimbo huwa imeshatoa ushahidi kabla haijafunguliwa. Muhimu ni kutazama taa yake ndogo ya mbele. Ikiwa sauti imekatika na taa inaendelea kuwaka au kupepesa, umeme unafika, ila ampli imejifunga ili isiungue. Ikiwa taa nayo imezimika, mara nyingi umeme umekatikia njiani. Mafundi wengi wanalipita swali hili la taa na kukimbilia bisibisi, kisha mwenye mali analipia transista ambazo hazikuwa na kosa.

Katika maeneo kama Kasongo na Kabambare, ambako nyumba nyingi zinategemea sola, betri na jenereta, swali hilo lina uzito zaidi kuliko mjini kwenye umeme wa laini. Nichambue kazi moja iliyofanyika Kasongo, kwa sababu ilikuwa na makosa mawili yaliyofichana.

Ilikuwa risiva ya stereo iliyotumika, inayolishwa na betri ya volti 12 kupitia inveta. Kwa sauti ya chini ilicheza vizuri. Besi ikipanda, kila kitu giza, halafu baada ya muda mfupi inawaka tena. Fundi hakuifungua. Aliweka mita kwenye vichwa vya betri, akapandisha sauti: volti 11.6. Akaihamishia kwenye skrubu za nyuma ya inveta, wimbo uleule, sauti ileile: 10.4. Inveta nyingi za volti 12 hujikata karibu na 10.5 ili kuilinda betri. Basi betri ilikuwa nzima, inveta nzima, ampli nzima, volti 1.2 zilikuwa zinapotelea kwenye waya.

Hesabu yake ni rahisi. Ampli ikivuta wati 300 upande wa volti 220, inveta huvuta karibu ampea 30 upande wa betri. Waya uliotumika ulikuwa wa milimita mraba 2.5, ule wa soketi za ukutani, na betri ilikaa mita tatu kutoka kwenye inveta. Kwenda na kurudi ni mita sita za shaba, zenye ukinzani wa takriban omu 0.04. Zidisha kwa ampea 30, unapata zile volti 1.2. Ndiyo sababu besi ndiyo iliyoizima: pigo la besi ndilo linalovuta mkondo mkubwa kwa ghafla. Fundi alisogeza inveta hadi mita moja kutoka kwenye betri, akaweka waya wa milimita mraba 16, akakaza vichwa vya betri baada ya kuvisugua. Volti zinazopotea kwenye waya wa namna hiyo hazifiki 0.1. Ikiwa unahitaji waya mrefu, urefushe upande wa 220, ambako mkondo ni mdogo, wala si upande wa betri.

Giza likaisha, ila baada ya kucheza nusu saa hivi sauti ilikatika tena. Safari hii taa ilibaki inapepesa. Hilo ni kosa la pili, na fundi alifanya vyema kutolichanganya na la kwanza.

Alichomoa spika na kuzipima. Spika moja ya omu 8 huonyesha karibu omu 6 na nusu kwenye mita. Hapa kila upande ulisoma 3.2, maana masanduku mawili ya spika yalikuwa yameunganishwa kwenye tundu moja. Nyuma ya risiva imeandikwa omu 6 hadi 16. Masanduku mawili ya omu 8 kwa pamoja ni omu 4, na kwa sauti ileile transista zinasukuma mkondo maradufu. Juu ya hayo, risiva ilikuwa ndani ya kabati, imefunikwa kitambaa kizuri cha kufuma kilichoziba matundu yote ya hewa. Kitambaa kiliondolewa, masanduku ya ziada yakatolewa, na kazi ikaishia hapo bila kununua kipuri hata kimoja cha ndani.

Je, lini tuifungue? Chomoa spika zote, sauti iwe sifuri, washa. Ikijifunga hata hapo, kosa limo ndani. Hapo fundi aunge balbu ya zamani ya nyuzi, ya wati 60 au 100, kwa mfululizo kwenye njia ya umeme. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, hakuna shoti kubwa. Ikibaki inang'aa, transista za mwisho zinashukiwa. Ampli zinazofika Salamabila zikiwa zimefungwa kwenye pikipiki nazo zina ugonjwa wake: transfoma ni nzito, barabara inaitikisa, lehemu inapasuka. Kuigusa upya kwa risasi ya kulehemia mara nyingi kunatosha. Na risiva ya kutoka Japani husomeka volti 100. Usiichomeke kwenye 220 bila transfoma ya kupunguza.

Kuna jambo moja linaloniumiza. Wapo wanaoziba relei ya kulinda spika kwa kipande cha waya ili ampli "isisumbue". Transista ikiungua, volti 40 za mkondo mnyoofu zinaingia moja kwa moja kwenye spika ya omu 8. Hizo ni zaidi ya wati 200 zisizopumzika. Koili inaungua na karatasi ya spika inaweza kushika moto nyumbani mwako. Fundi akikuambia ameondoa ulinzi, mwombe aurudishe kabla hujamlipa, na akuonyeshe kwenye mita ni wapi volti zinapotelea.