Nguzo Iliyokatwa

Matthew Walker anajua kuandika, hilo tulikubali mapema. Mwanasayansi huyu wa ubongo, Mwingereza anayefundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitoa Why We Sleep mwaka 2017, na tangu hapo kuna watu wanaohesabu saa za kulala kama salio la M-Pesa.

Sehemu zake nzuri ni nzuri kweli. Anaeleza adenosini, kemikali inayojikusanya kichwani tangu unapoamka hadi macho yawe mazito, na jinsi kafeini inavyokalia kiti chake bila kuiondoa. Ukimaliza hapo unaelewa kwa nini kahawa ya saa kumi jioni bado inakusumbua usiku. Utafiti wake mwenyewe pia si mchezo. Mwaka 2007 yeye na wenzake waliwakesha watu takriban saa 35, kisha wakawaonyesha picha za kuudhi ndani ya mashine ya MRI. Amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu na hasira, iliitika karibu 60% zaidi kuliko ya waliolala. Kama umewahi kumfokea kondakta asubuhi baada ya kukesha, hii unaijua.

Shida inaanza maelezo yanapogeuka mahubiri. Sura ya kwanza inakwambia kwamba kuzoea kulala chini ya saa 6 au 7 kunaongeza hatari ya saratani zaidi ya maradufu. Sasa soja wa usiku, nesi wa zamu, ama yule anayefanya kazi za mtandaoni kwa saa za Marekani, afanye nini na habari hiyo? Waajiri wanaguswa kuelekea mwisho, lakini by then hofu ishaingia.

Hofu ningeivumilia kama ushahidi ungekuwa mzima. Mwaka 2019 Alexey Guzey alichapisha uhakiki mrefu wa kitabu hiki, na humo kuna grafu moja ambayo sijaisahau. Walker anaonyesha vijana wanamichezo: wanaolala saa 9 wanaumia kidogo, na majeraha yanapanda hadi saa 6. Ngazi safi kabisa. Lakini utafiti wenyewe ulikuwa na nguzo nyingine, ya saa 5, na hao waliumia kidogo kuliko wa saa 6. Kitabuni nguzo hiyo haipo. Haimaanishi kwamba saa 5 zinakinga mtu. Inamaanisha mambo yalikuwa na utata, na msomaji akafichwa.

Watu nao wamenyooshwa vivyo hivyo. Walker anawaita Wagabra wa kaskazini mwa Kenya wawindaji ambao maisha yao hayajabadilika sana kwa maelfu ya miaka. Wagabra! Wafugaji wa ngamia wa Marsabit! Hapo nilijiuliza ni mangapi mengine nimemeza kwa sababu tu sikutoka huko.

Usingizi ni muhimu, hakuna anayebisha. Soma sura za ndoto na kumbukumbu, utafurahi. Lakini anayelala saa 5 ndiye kitabu hiki kinamtisha zaidi, na ndiye huyo huyo aliyeondolewa kwenye grafu.