Mtungi wa Tano Ulifungwa Pabaya

Mtungi wa tano haukupaswa kufungwa mkiani mwa keria. Nalisema mapema kwa sababu tangu baiskeli ya yule mchuuzi wa maji ianguke Alhamisi nimewasikia watu wa Umoja na Kariobangi Kusini wakilaumu tairi, wakilaumu changarawe, wengine hata dereva wa matatu aliyepiga honi. Tairi halikuwa na kosa. Baiskeli ile ilishaanguka kabla haijatoka kwenye mfereji wa maji, pale mchuuzi alipouweka mtungi wa mwisho nyuma kabisa ya ekseli na kuukaza kwa mipira ya tyubu.

Mliokuwapo mliona. Black Mamba ya kawaida, mitungi 4 ya lita 20 ikining'inia kwenye kulabu za keria, miwili kila upande, na wa tano juu, ukingoni, nusu yake ikiwa imetokeza nje ya keria. Kwenye tambarare alisukuma vizuri, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye kiti. Alipofika kwenye kile kilima kifupi cha kutoka mtoni, gurudumu la mbele likaacha ardhi, usukani ukamgeukia mkononi na baiskeli ikalala barabarani. Mitungi 2 ikapasuka. Kwa haki yake niseme kwamba kamba zilifungwa barabara, uzani wa pande mbili ulilingana na tairi la nyuma lilijazwa upepo wa kutosha.

Sasa tuurudie ule mtungi.

Black Mamba ina takriban sentimita 115 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na uzani wake ni kama kilo 20. Ikisimama tupu, gurudumu la mbele linabeba kilo 9 hivi. Mitungi ya kando haikai juu ya ekseli hasa. Mafundi huzisogeza kulabu nyuma kidogo ili visigino vya mpandaji visigonge. Tuseme imekaa sentimita 10 nyuma ya ekseli. Kilo 80 za maji zikiwa hapo zinalipunguzia gurudumu la mbele karibu kilo 7. Zimebaki 2. Hapo baiskeli bado inasukumika, ila usukani ni mwepesi kupita kiasi na kijiwe kidogo tu kinatosha kuupindua. Kisha unaongeza kilo 20 nyingine, sentimita 30 nyuma ya ekseli. Hizo zinaondoa kilo 5 zaidi. Mlikuwa na 2. Gurudumu la mbele sasa halina kitu cha kulishikilia chini isipokuwa mkono wa mtu.

Na ndivyo ilivyokuwa kwenye tambarare yote. Yule kijana alidhani anasukuma baiskeli, kumbe nusu ya nguvu zake zilikuwa zinakandamiza usukani. Kilima kikaja kumalizia. Mwinuko unapokuwa wa 1 kwa 10, mzigo ulio mita 1 kutoka ardhini unarudi nyuma sentimita 10 ukipimwa pale tairi linapogusa barabara. Mitungi ya chini hairudi sana. Ule wa juu ndio uliorudi kuliko yote, nao ndio uliokuwa nyuma zaidi tangu mwanzo. Tunabishana nini hapa?

Mtungi huohuo ungeingia ndani ya fremu, chini ya bomba la juu, umeegemea nguzo ya kiti. Hapo ni kama sentimita 50 mbele ya ekseli ya nyuma. Badala ya kuliondolea gurudumu la mbele kilo 5, ungeliongezea karibu 9. Lingekuwa na kilo 11 chini ya usukani, zaidi ya ilivyo baiskeli tupu. Uzani wa maji ni uleule, bei ni ileile, na mipira ya tyubu ni ileile.

Najua jibu litakalokuja: ndani ya fremu ni mahali pa magoti. Hili ndilo kosa lenyewe, na ndilo linaloniudhi. Magoti ya nani? Hakuna mtu anayepanda baiskeli yenye kilo 100 za maji kutoka Kariobangi hadi Umoja. Wote wanasukuma. Mpangilio wa kuweka kila kitu nyuma ni wa mpandaji, kwa sababu mtu wa kilo 70 akikaa kitini anaongeza zaidi ya kilo 25 kwenye gurudumu la mbele, nazo zinatosha kuustahimili mkia mzito. Ukishuka, umeziondoa zote. Yule kijana alipakia kama mtu atakayepanda, kisha akasukuma. Pedeli hazizunguki unaposukuma kwenda mbele, visigino havipo na magoti hayapo. Fremu nzima ilikuwa wazi ikimngoja.

Wengine wameniambia angeupunguza mtungi wa tano hadi nusu. Si dawa. Kilo 10 mahali pale bado zinaipeleka hesabu chini ya sifuri, na mtungi nusu una ubaya wake: maji yanakimbilia upande ulio chini, yaani kwenye mwinuko yanakwenda nyuma. Mtungi ujazwe pomoni au usibebwe.

Waliotangulia walilijua jambo hili. Mwaka 1954, Wavietnam walipoizingira ngome ya Wafaransa ya Dien Bien Phu, wapagazi wao walipitisha chakula na risasi milimani kwa baiskeli za kawaida, na nyingi zilibeba zaidi ya kilo 200. Hawakupanda. Waliuning'iniza mzigo chini, ubavuni mwa fremu, katikati ya magurudumu mawili. Fimbo ya mwanzi ilifungwa kwenye usukani ili mtu aongoze akitembea kando, na nyingine ikasimamishwa kwenye nguzo ya kiti ili asukume na kushikilia. Kila kitu pale kilipangwa kwa ajili ya mtu anayetembea. Na hapa kwetu, nawakumbuka wazee waliosukuma viazi kutoka soko la Wakulima kupitia Jogoo Road hadi Jericho na Makadara. Gunia lililazwa juu ya kiti na bomba la juu, kichwa chake kikikaribia usukani. Kule Busia nako, waliobeba abiria kwa baiskeli kuvuka mpaka walikiweka kile kiti cha sponji juu ya ekseli, si nyuma yake. Hakuna aliyewafundisha darasani. Walibeba, wakaona.

Kizazi hiki kimeharibiwa na baiskeli za milimani, nami sitaacha kulisema. Zimeuzwa Eastlands kama baiskeli za kazi ilhali ni fupi, shokabu yake inazama kila unapofunga breki, na keria yake imening'inizwa kwenye nguzo ya kiti kwa bolti moja. Kwa sababu nyuma ni fupi, mzigo lazima usogee mkiani, na anayejifunza kubeba kwa baiskeli hiyo anaamini mkiani ndipo mahali pa mzigo. Kisha ananunua Black Mamba na kuipakia vivyo hivyo. Zile za zamani za Kiingereza zilitoka kiwandani na spoki 32 mbele na 40 nyuma. Aliyezitengeneza alijua mzigo utakaa wapi: juu ya gurudumu, pale spoki zilipoongezwa. Buffalo zinazounganishwa Kisumu nazo zina keria nzuri, ya kilo 100, iliyokaa mahali pake.

Kwa hiyo nawaomba mafundi wa Kamukunji, ninyi mnaochomelea keria kila siku: chomeleeni pia kikalio kidogo ndani ya fremu. Vyuma 2 bapa vikae juu ya bomba la chini, na kibanio kimoja kwenye bomba la juu. Kifunguke kwa bolti ili mwenye baiskeli akivue siku anayotaka kupanda. Ni kazi ya asubuhi moja, na vyuma vya kuifanya viko sakafuni kwenu sasa hivi.

Nanyi wachuuzi wa maji, mtungi wa ndani ya fremu uwe wa kwanza kupakiwa na wa mwisho kushushwa. Mteja wa kwanza apewe wa upande mmoja wa keria, wa pili apewe wa upande wa pili, mkibadilishana kushoto na kulia hadi keria iwe tupu. Ukiutoa wa fremu mapema kwa kuwa ndio ulio karibu na mkono, umerudi palepale alipokuwa yule kijana mguuni mwa kilima.