Fungu la Nne

Katikati ya daraja la Hombo, nyuma yako ni Kalehe, Kivu ya Kusini. Mbele yako ni Walikale, Kivu ya Kaskazini. Barabara ya taifa namba 3 inatoka Bukavu, inapita Bunyakiri, inavuka mto hapo kisha inazama msituni kuelekea Kisangani. Luteni kijana aliyepewa askari thelathini alinde daraja kama hilo amekabidhiwa kazi ngumu, na ni haki tujue alitayarishwaje.

Iwe katika chuo cha kijeshi cha Kananga, Monduli au Sandhurst, mafunzo ya ofisa yanazunguka kwenye amri ya vita. Amri hiyo ina mafungu matano: hali ya adui na ya kwetu, jukumu, utekelezaji, ugavi, kisha uongozi na mawasiliano. Kuyakariri ni kazi ya siku moja. Kazi yenyewe huanza pale kadeti, baada ya kutembea usiku kucha na mzigo mgongoni, anapoambiwa aitoe amri hiyo kwa wenzake. Anachora nchi juu ya udongo: kamba ni mto, majani ni msitu, kokoto ni nyumba. Halafu mkufunzi anaharibu kila kitu. Redio imekufa. Kiongozi amepigwa risasi, wewe wa tatu kutoka kulia, chukua nafasi yake. Kesho aliyeongoza leo atabeba bunduki kama askari wa kawaida, aonje mwenyewe amri mbovu ina uzito gani. Hayo hurudiwa mpaka akili ishike njia hata mwili ukiwa na hofu.

Kongo ilianza bila urithi huo. Force Publique, jeshi la kikoloni, iliingia uhuru mwaka 1960 ikiwa haina ofisa Mkongo hata mmoja. Askari walipoasi mwezi Julai, masajenti walipandishwa kuwa maofisa ndani ya siku chache. Baada ya vita vya 1998 hadi 2003, makamanda wengi wa makundi ya silaha nao waliingia jeshini na vyeo vyao bila kupita chuoni. Ndiyo maana wengi wetu tuliamini dawa ni shule tu.

Mimi nina shaka, na shaka yangu inatoka Minova. Batalioni ya 391 ilifunzwa na Wamarekani huko Kisangani mwaka 2010, somo la haki za binadamu likiwemo. Novemba 2012 Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23, jeshi likarudi nyuma ovyo, na Umoja wa Mataifa ukaitaja batalioni hiyo, pamoja na ya 41, katika ubakaji wa wanawake na wasichana zaidi ya 100 Minova na vijiji jirani. Uovu ule hauna udhuru. Lakini mchambuzi lazima aulize ni fungu lipi la amri lililokatika kwanza.

Mwaka uliofuata unatupa mwanga. Makamanda kadhaa wakubwa waliitwa Kinshasa, Jenerali Lucien Bahuma akashika uongozi, chakula na risasi vikafika mstari wa mbele vizuri zaidi kuliko zamani. Kanali Mamadou Ndala alionekana mbele pamoja na askari wake, na Brigedi ya Uingiliaji ya Umoja wa Mataifa ilikuwa upande wao. Novemba 2013 M23 ikashindwa. Ujasiri ulichangia, naam, lakini safari hii fungu la nne, la ugavi, lilikuwa na kitu ndani yake.

Ugavi ndilo fungu ambalo kadeti hulisoma haraka, kwa sababu mazoezini chakula kipo. Katika FARDC, jeshi la Kongo, hapo ndipo wizi ulipokaa: fedha za operesheni zinateremka kutoka juu, sehemu yake inapanda tena kimyakimya kwa wakubwa, na askari wenyewe wanauita mchezo huo “opération retour”. Ujumbe wa Ulaya, EUSEC, ulioanza 2005, uligusa kiini cha jambo: ulisaidia kutenganisha njia ya mshahara na njia ya amri, ili kamanda asiwe tena mshika mfuko wa watu wake.

Baadaye mishahara ikahamia benki. Hilo linamlinda askari dhidi ya mkubwa wake, lakini msituni benki iko mbali, na anayempa ruhusa ya kwenda mjini ni luteni yuleyule. Akiwaachia kumi waende, ulinzi wa usiku darajani unabaki na ishirini. Akiwazuia, watalinda wakiwa na njaa, nao wana bunduki, na soko la kijiji liko hatua chache tu kutoka hapo.