Mwanakisomo Akihitimu, Asome Nini? Maktaba za Vijiji Tanzania

Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba Tanzania Bara, watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia 1986 walikuwa wamebaki 9.6. Takwimu hizo hutajwa mara nyingi, na zinastahili. Lakini nyuma yake kulikuwa na swali la kiufundi ambalo halitajwi sana: mkulima aliyehitimu kisomo jana, kesho atasoma nini?

Jibu lilianza kutafutwa Kanda ya Ziwa. Mwaka 1968 serikali, kwa kushirikiana na UNESCO, ilianzisha mradi wa majaribio wenye makao Mwanza, uliohudumia pia Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, yaani Kagera ya leo. Badala ya kitabu kimoja cha alfabeti kwa nchi nzima, viliandikwa vitabu kwa kufuata kazi ya msomaji: pamba, migomba, uvuvi, ufugaji, maarifa ya nyumbani. Utaratibu huo uliitwa kisomo chenye manufaa.

Tazama jinsi neno moja linavyofanya kazi ubaoni. Mwalimu anaandika *pamba*. Kila aliyekaa kwenye benchi analijua zao hilo kuliko mwalimu mwenyewe. Amelipanda, amelipalilia, amelibeba kichwani hadi kwenye mizani ya chama cha ushirika. Neno linakatwa: pa, mba. Kutoka *pa* zinazaliwa pe, pi, po, pu, na kabla kipindi hakijaisha mwanakisomo anaweza kuunda maneno ambayo hakuonyeshwa. Kiswahili, ambacho silabi zake husomwa kama zilivyoandikwa, kiliokoa miezi mingi ya kufundisha.

Rais Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wilaya sita, zikiwemo Mafia na Ukerewe, zilipewa lengo la kufuta ujinga kabla 1971 haijaisha. Kisha TANU, chama tawala, ikaagiza nchi nzima ifike huko mwishoni mwa 1975. Agosti mwaka huo watu wapatao milioni 3.8 walikaa kufanya mtihani wa kitaifa wa kisomo. Ukubwa wa jambo hilo hauna budi kuheshimiwa.

Hapo ndipo maktaba zilipoingia. Huduma ya maktaba ya taifa ilikuwa imeundwa kwa sheria ya 1963, na Nyerere alifungua makao yake Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Lakini maktaba ya mkoa iko mbali na shamba. Ya kijijini ilijengwa kwa njia nyepesi mno: rafu au kabati katika chumba cha shule au ofisi ya kijiji, vitabu vichache vya Kiswahili, na mtunzaji ambaye mara nyingi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hakuna msingi uliochimbwa, hakuna bati lililonunuliwa. Ndiyo maana ziliweza kuenea haraka. Ndiyo maana pia zilikuwa dhaifu: mwalimu akihamishwa, ufunguo wa kabati ulibaki bila mwenyewe, na aliyefuata alikuwa na madarasa yake ya kufundisha.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, kiungo kilichobeba mzigo mkubwa zaidi hakikuwa kitabu bali gazeti. *Elimu Haina Mwisho*, lililoanza Mwanza mwaka 1974, lilimletea msomaji mpya kitu kipya kila mwezi. Kitabu cha pamba husomwa kikaisha, gazeti hurudi. Redio nayo ilisaidia: kampeni ya *Mtu ni Afya* ya 1973 iliwakusanya watu kama milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, kila kikundi na kitabu chake mkononi, kisha vikundi vikaenda kuchimba vyoo.

Kamba ilikatika kwenye karatasi. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na ukosefu wa fedha za kigeni viliacha mitambo ya uchapaji bila malighafi. Rafu haikujazwa tena, na asiyesoma husahau.

Kulikuwa na kasoro nyingine, ya ndani zaidi. Maarifa yalishuka kutoka kwa mtaalamu kwenda kwa mkulima, na mara chache yalipanda. Wasukuma walikuwa na *ngitili*, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate majani kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza 1986, ardhi ikiwa imechakaa, ulirudi kwenye utaratibu huohuo wa wenyeji ili kurejesha miti. Maarifa hayo yalistahili kijitabu chake kwenye rafu ya kijiji tangu mwanzo, kimeandikwa kwa maneno ya wafugaji wenyewe.

Mwaka 1991 ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, na ukaanzia pale kamba ilipokatikia. Mchapishaji alitoa nakala 5,000 za kitabu cha Kiswahili. Mradi ulinunua 3,000 na kuzipeleka shuleni na kwenye maktaba za vijijini, naye akabaki na 2,000 za kuuza mwenyewe. Mchapishaji alijua mnunuzi wake kabla mtambo haujawashwa, na kabati la kijijini lilijua kitabu kingine kinakuja.