Mwenye Mizani ni Nani? Uhakiki wa Tuzo za Filamu na Vyama vya Wanafilamu Tanzania kwa Kuitazama Magomeni

Kati ya soko la Kariakoo na Magomeni Mapipa pana bonde moja tu, bonde la Jangwani, ambalo Barabara ya Morogoro hulivuka kabla ya kupanda kuelekea Usalama na Mwembechai. Katika historia ya filamu ya Kiswahili umbali huo mfupi una maana kubwa. Kariakoo ndiko wasambazaji walikonunua haki za filamu, wakazirudufu katika kanda za VHS na baadaye katika DVD, kisha wakaziuza kwa jumla kwenda mitaani na mikoani. Magomeni, sawa na Manzese na Kigogo, ndiko zilikotazamwa: sebuleni, barazani, na katika vibanda umiza, yaani vyumba vya kuoneshea video ambavyo jina lake limebeba maumivu ya benchi na msongamano. Filamu ya *Girlfriend* ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Otieno Tyson, hutajwa mara nyingi kuwa miongoni mwa zilizofungua wimbi la Bongo Movie. Wimbi hilo lilikua katika mzunguko wa Kariakoo na vitongoji vyake likiwa na kipimo kimoja tu cha ubora, nacho ni mauzo.

Tuzo zilikuja baadaye, na zilikuja kutoka nje ya mzunguko huo. Makala haya yanahakiki tuzo hizo kwa kuuliza swali ambalo mijadala ya kila msimu huliruka: ni nani mwenye mizani? Mijadala hiyo hujishughulisha na aliyeshinda na aliyedhulumiwa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba udhaifu wa tuzo za filamu nchini hautokani hasa na majaji wala na hesabu ya kura. Unatokana na ukweli kwamba wanaotoa tuzo ni yule atoaye kibali, yule anunuaye na yule aandaaye tamasha, ilhali vyama vya wenye fani vimebaki kuwa wageni waalikwa.

James English, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu uchumi wa hadhi, anaitazama tuzo kama chombo cha kubadilishana mitaji ya aina mbalimbali: fedha hugeuzwa kuwa heshima, na heshima hugeuzwa tena kuwa fedha. Wazo hilo linatokana na Pierre Bourdieu na dhana yake ya mtaji wa kiishara. Kwa mtazamo huo, hakuna tuzo isiyo na mwenyewe. Kila tuzo humpa mtoaji wake mamlaka ya kusema filamu ni nini na mwanafilamu ni nani, na mara nyingi mamlaka hayo hudumu kuliko jina la mshindi.

Wa kwanza kutazamwa ni mwandaaji wa tamasha. Tamasha la Kimataifa la Filamu Zanzibar, ZIFF, lilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 likijulikana pia kama Tamasha la Nchi za Jahazi, na tuzo yake kuu ni Jahazi la Dhahabu. Majaji wake huchaguliwa kwa ujuzi, wengi wakitoka nchi mbalimbali, na maonesho ya Ngome Kongwe yameupa Mji Mkongwe nafasi ya heshima katika ramani ya sinema ya Afrika. Hata hivyo, kwa miaka mingi filamu za video za Dar es Salaam zilikuwa pembezoni mwa tamasha hilo. Zilipokuja kuingizwa, katika muongo wa 2010, zilitengewa kipengele chao zenyewe chini ya jina la Bongo Movie. Utengaji huo una sura mbili. Uliwapa watayarishaji wa bara jukwaa ambalo hawakuwa nalo. Lakini pia ulitangaza, bila kutamka, kwamba kazi zao hushindana zenyewe kwa zenyewe, na kwamba Jahazi la Dhahabu ni la wengine. Mtoto aliyetandikiwa mkeka wake pembeni huwa amekaribishwa karamuni, ila mezani bado hajaketi.

Mnunuzi ndiye wa pili. Tuzo za Africa Magic, AMVCA, zilizoanza mwaka 2013, ni za kampuni yenye chaneli zinazohitaji filamu. Mwaka 2016 jijini Lagos, Elizabeth Michael, maarufu kwa jina la Lulu, alishinda tuzo ya filamu bora ya Afrika Mashariki, na Single Mtambalike, anayefahamika kama Richie, akashinda katika kipengele cha filamu za Kiswahili kwa *Kitendawili*. Ushindi huo ulipokewa nyumbani kama heshima ya taifa, na haki yao hiyo haina ubishi. Nchini, Azam nayo ilianzisha tamasha na tuzo za Sinema Zetu mwaka 2018, likibeba jina la chaneli yake ya filamu. Hakuna kosa mnunuzi kumtuza muuzaji. Tatizo ni kwamba tuzo ya aina hii hupima kile kinachofaa kuoneshwa na chaneli husika. Aidha, pale kura za watazamaji zinapotumika, kama ilivyo katika baadhi ya vipengele vya AMVCA, ukubwa wa jina la msanii huhesabiwa mara mbili: mara ya kwanza sokoni, mara ya pili katika sanduku la kura. Mhariri wa picha na mpokea sauti hawana mashabiki wa kuwapigia simu.

Mtoa kibali ndiye anayehitaji kutazamwa kwa kina zaidi. Bodi ya Filamu imesimama juu ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Kwa sheria hiyo kazi yake ya msingi ni kutoa vibali vya kutengeneza filamu, kuzikagua, kuzipangia madaraja na kuzizuia pale inapoona inafaa. Mwaka 2021 chombo hichohicho kiliandaa Tuzo za Filamu Tanzania, na kilele chake kikafanyika Mbeya. Uamuzi wa kuitoa hafla Dar es Salaam unastahili sifa, kwani uliwakumbusha watu wa Kariakoo na Sinza kwamba filamu hutengenezwa pia kwingineko. Aidha, ni haki kukiri kwamba bila mkono wa serikali huenda tuzo ya kitaifa isingekuwapo kabisa. Vyama vilikuwa na miaka mingi ya kuifanya kazi hiyo, na havikuifikisha mahali pa kudumu.

Pamoja na hayo, muundo huo una kasoro ambayo nia njema haiwezi kuifuta. Filamu iliyonyimwa kibali haiwezi kufika mbele ya jopo la majaji. Kwa hiyo mchujo wa kwanza wa tuzo hufanyika miezi kadhaa kabla ya jopo kuundwa, mezani kwa mkaguzi, na kwa vigezo vya maadili badala ya vigezo vya sanaa. Hata majaji wakiwa huru kabisa, wanahukumu kile kilichobaki. Mtayarishaji anayejua kwamba mkono uleule ndio unaopiga muhuri na ndio unaokabidhi kombe hujifunza kuandika kwa ajili ya mkono huo. Udhibiti wa aina hii hauachi kumbukumbu yoyote katika faili, kwa sababu kilichokatwa kilikatwa kichwani mwa mwandishi kabla hakijawa karatasini.

Kenya inatoa mfano wa kulinganisha. Huko pia serikali ndiyo yenye tuzo, lakini Kalasha, iliyoanza mwaka 2009, huandaliwa na Kamisheni ya Filamu, ambayo ni chombo tofauti na Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Mwaka 2018 Bodi hiyo ilipiga marufuku *Rafiki* ya Wanuri Kahiu. Mahakama Kuu ikaisimamisha marufuku kwa siku 7, filamu ikaoneshwa. Mwaka uliofuata Samantha Mugatsia alituzwa kama mwigizaji bora wa kike huko Ouagadougou katika FESPACO. Mtu anaweza kuikubali au kuikataa filamu hiyo. Jambo linalohusika hapa ni kwamba mgogoro wake ulionekana hadharani, kwa kuwa mdhibiti na mtuzaji hawakuwa mtu mmoja. Uganda iko karibu zaidi na hali ya Tanzania: tamasha lake la filamu lilianzishwa mwaka 2013 na Tume ya Mawasiliano, ambayo ni msimamizi wa utangazaji.

Je, vyama vya kitaaluma vina haki gani ya kudai mizani? Hapa mfano wa Marekani hutajwa upesi mno, na mara nyingi kwa makosa. Academy iliyoundwa mwaka 1927 haikuanza kama chama cha wafanyakazi. Ilibuniwa kwa ushawishi wa Louis B. Mayer, mkuu wa studio, na miongoni mwa shughuli zake za awali ilikuwa kusuluhisha migogoro ya kazi ili vyama vya wafanyakazi visipate nguvu. Tuzo zilifuata mwaka 1929. Waigizaji na waandishi walipounda vyama vyao mwaka 1933, wengi walijitoa Academy, na mwaka 1936 mwandishi Dudley Nichols aliikataa tuzo ya muswada wa *The Informer* kwa sababu ya mgogoro huo. Uhalali wa kitaaluma wa tuzo hiyo, ambapo leo wahariri huteuliwa na wahariri na wapigapicha na wapigapicha, ulipatikana kwa ugomvi. Haukutolewa kama zawadi.

Vyama vya Tanzania vimegombana pia, lakini katika uwanja mwingine. Shirikisho la Filamu Tanzania, TAFF, linajumuisha vyama vya fani mbalimbali, cha waigizaji kikiwa maarufu zaidi. Tukio lililowaonesha wasanii kwa umma kama kundi lenye sauti moja lilitokea Aprili 2017, walipoandamana Kariakoo wakitaka filamu za kigeni zinazouzwa bila kulipiwa kodi ziondolewe sokoni. Malalamiko yao yalikuwa na msingi: DVD zao zilibeba stempu ya kodi iliyoanzishwa mwaka 2013, na za kigeni zilizorudufiwa kiholela hazikuwa nayo. Hata hivyo, wananchi wengi waliwajibu kwa kejeli, wakiwataka waboreshe kazi zao kwanza. Jibu hilo lilikuwa kali, pengine la kuonea, lakini lilifichua pengo. Chama kilichokwisha kujenga sauti yake juu ya ubora kwa kuutaja, kuupima na kuutuza kingekuwa na la kujibu siku ile. Kilichokuwapo kilikuwa na hoja ya kodi peke yake.

Pengo hilo linaonekana wazi zaidi katika vipengele vyenyewe vya tuzo. Vimeazimwa karibu vyote: mwongozaji bora, mwigizaji bora, muswada bora. Kipengele cha muswada kinahitaji kutazamwa kwa utulivu. Kizazi kilichojenga Bongo Movie, akiwamo marehemu Steven Kanumba na Vincent Kigosi, kilipita katika kundi la Kaole, ambalo michezo yake ilirushwa ITV. Desturi ya uigizaji huo ilikuwa kuanza na kisa kilichogawanywa katika matukio; maneno yenyewe waliyatunga waigizaji papo hapo, wakijibizana. Desturi hiyo ilihamia katika filamu. Katika kazi kama hizo majibizano, ambayo ndiyo uhai wa filamu kwa mtazamaji wa Magomeni, ni utunzi wa pamoja. Kipengele cha muswada bora kinadai jina moja na karatasi. Ama karatasi huandikwa baada ya filamu kwisha, ama filamu huachwa nje. Kwa njia zote mbili mtunzi halisi wa mchambo uliowafanya watazamaji wapige benchi hatajwi. Chama cha waigizaji chenye mizani yake mwenyewe kingeweza kubuni kipengele cha majibizano ya kubuni papo hapo, na hakuna jopo la Lagos wala la wizara litakalokibuni kwa niaba yake.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi kwa sababu unagusa sheria. Katika vibanda umiza ilizuka fani ya watafsiri wa filamu, mashuhuri wao akiwa Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, ambaye Matthias Krings ameichunguza kazi yake kwa kina. Msimulizi huyo hatafsiri tu. Hufafanua, hutania, huwapa wahusika wa Hong Kong au Nigeria majina na tabia za uswahilini, na huiongoza hadhira kama fanani wa hadithi simulizi. Kwa kigezo chochote cha fasihi hiyo ni sanaa. Lakini nakala alizozisimulia ziliuzwa bila idhini ya wenye haki, na ndizo zilizokuwa miongoni mwa bidhaa ambazo biashara yake ilipingwa Kariakoo. Hakuna tuzo inayoweza kumtuza mtu kwa nakala ya wizi. Ila hakuna pia kanuni inayozuia tuzo ya usimulizi juu ya filamu ya Kitanzania au iliyolipiwa haki. Ukimya huo ni uamuzi, ingawa haukuandikwa popote.

Upo mlango mmoja ambapo wenye fani wanalazimishwa kuketi mezani. Tanzania iliwasilisha *Maangamizi* ya Martin Mhando na Ron Mulvihill kwa ajili ya Oscar mwaka 2001. Iliyofuata, *Vuta N'Kuvute* ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, iliwasilishwa mwaka 2022. Kanuni za Academy za miaka ya karibuni zinataka kamati ya uteuzi ya kila nchi iwe na wanafilamu kwa nusu au zaidi. Kwa hiyo filamu inayopelekwa Los Angeles huteuliwa na wenye fani kwa sharti la kigeni, na ile inayotuzwa nyumbani haina sharti kama hilo kutoka kwa yeyote. TAFF haihitaji sheria mpya ili kudai kwamba majaji wa kila kipengele cha kitaifa wapendekezwe na chama cha fani husika, mhariri na wahariri, mpokea sauti na wenzake. Inahitaji orodha za wanachama zinazoaminika, na hizo hutunzwa na vyama vyenyewe.