Chukua Kiti, Chukua Dawa, Chukua Mke

Hadithi ninayotaka kuizungumzia hujaisoma. Haijachapwa popote. Imeandikwa kwa mkono kwenye daftari, na mwandishi wake ni kijana mwenzetu wa hapa hapa Buseresere ambaye ameniruhusu nimseme ila nisimtaje. Aliisoma mbele yetu Jumapili moja nyuma ya stendi, pale tunapokutana sisi tunaojiita waandishi, huku magari yakipiga honi na makonda wakigombea abiria. Tulimpigia makofi. Ni hadithi nzuri, na sisemi hivyo kwa kumpaka mafuta. Inamhusu dada yake aliyeolewa na mchimbaji mdogo, na maisha yao yalivyopanda na kushuka kama kamba ya duara.

Kasheshe ilianza alipoisoma nyumbani.

Mama yake alikuwa anapepeta mchele, anasikiliza kwa furaha. Kijana akafika kwenye sentensi inayosema kwamba yule mchimbaji "alimchukua dada yangu kuwa mke wake". Mama akaweka ungo chini. "Nani kachukuliwa? Ng'ombe si walikuja hapa nyumbani, baba zako wadogo wakawahesabu? Leo unataka watu wa Katoro waseme mwanangu alichukuliwa?" Kijana akabaki kinywa wazi. Kwake yeye sentensi ile ilikuwa ya heshima, tena ndiyo aliyoona ina ufasihi kuliko zote kwenye ukurasa ule.

Msomaji wa mbali nimweleze kidogo. Huku kwenye ukanda wa dhahabu mwanamke akiolewa, ameolewa: posa imeletwa, mahari imetoka, wazee wamekaa. Akichukuliwa ni habari nyingine. Rashi imetokea mahali, kijana kapata, usiku kaja na pikipiki, asubuhi binti hayupo. Duara likikauka anarudishwa, au anarudi mwenyewe na mtoto mgongoni. Iwe kwa Msukuma, Mzinza, Msubi au Mha aliyekuja kutafuta maisha, hayo mambo mawili hayachanganywi, hata na mtoto wa darasa la nne. Hivyo basi mwandishi wetu, kwa kitenzi kimoja tu, alikuwa amerudisha ng'ombe wote walikotoka.

Nikamwuliza, kwani hiyo sentensi uliitoa wapi? Akasema imekuja yenyewe. La hasha! Sentensi haiji yenyewe. Yeye amesoma riwaya nyingi za Kiingereza, na kule mwanamume "takes a wife". Umesikia? Tangu kidato cha kwanza tumekaririshwa kwamba "take" ni "chukua", tukaandika ubaoni, tukapata vema. Basi kila "take" inapopita kichwani, mkono unaandika "chukua", na mwenye mkono hana habari.

Nikaliomba lile daftari nikakaa nalo siku mbili, napiga mstari kila nilipokiona kitenzi hiki. Wino nusura uniishie. Harusi "ilichukua nafasi" siku ya Jumamosi. Nafasi ya nani? Kwa Kiswahili ninachokijua mimi, kitu kikichukua nafasi, kuna kingine kimeondolewa. Nikawa nasubiri kujua ni msiba gani uliokuwa umepangwa siku ile, harusi ikaupiku. Kumbe harusi ilifanyika tu. Mgeni akaingia, mwenye nyumba akamwambia "chukua kiti". Huku kwetu ukimwambia mtu hivyo ataondoka nacho. Mgeni tunamwambia karibu, kaa, au tunamsogezea kigoda bila neno. Halafu maharusi "wakachukua picha", kana kwamba zilikuwa tayari mahali zinawangoja. Wakati wa kwenda Mwanza hawakupanda basi, walilichukua, na sijui dereva alisema nini. Chai nayo ikachukuliwa, mdogo wao akachukua mtihani.

Nisije nikaonekana najitoa. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika kwamba mkutano "ulichukua nafasi" shuleni, mhariri akapitisha, nanyi wasomaji mkanyamaza. Ugonjwa ni wa wote.

Sasa wapo watakaosema, wewe unakuza mambo, lugha zote zinaazimana. Kweli. Tena Kiingereza chenyewe "take" hawakuzaliwa nayo. Waingereza wa kale walikuwa na kitenzi chao, "niman". Kati ya karne ya 9 na ya 11 wakaja Waviking kutoka Skandinavia, wakapigana nao, wakaishi nao, wakaoana nao. Hao walikuwa wanasema "taka". Taratibu neno la wageni likamsukuma mwenyeji pembeni, mwisho "niman" akafa kabisa. Kaacha kamfupa: "numb", yaani kufa ganzi, ambalo asili yake ni "aliyetwaliwa", mtu ambaye hisia zimechukuliwa kutoka mwilini mwake. Napenda sana kamfupa haka.

Na vitenzi vyao vidogo hunenepa vibaya. Katika kamusi kubwa ya Oxford ya 1989 aliyeongoza kwa urefu wa maelezo ni "set". Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba "run" amempita, akiwa na maana 645 kama kitenzi. "Take" naye yumo kundi hilo hilo la wenye vitambi. Ndege ikiruka ni yeye, shati likivuliwa ni yeye, mtoto akifanana na babu ni yeye. Na sisi tumemchukua mchukuzi wetu mmoja tukamtwisha mizigo yote hiyo.

Nasema mchukuzi makusudi. Chukua hapo zamani hakikuwa hasa kitenzi cha kushika kitu na kukifanya chako. Kamusi ya Johnson ya 1939 inakianzia kwenye kubeba. Ndiyo maana mchukuzi ni mbeba mizigo, wala si mwizi. Ndiyo maana wizara ya magari na reli ni Wizara ya Uchukuzi. Ndiyo maana wanandoa wanaovumiliana tunasema wanachukuliana, kila mmoja kambeba mwenziwe na madhaifu yake. Ndiyo maana tunasema debe linachukua lita kadhaa. Babu zetu wa Usukuma na Unyamwezi waliokwenda Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani, karne ya 19, walilijua neno hili kwa shingo.

Kushika ukafanya chako kulikuwa na neno lake: twaa. Biblia ya Union Version ya 1952 imejaa twaa. Leo, ukiacha ibadani, imebaki sehemu mbili tu. Ya kwanza ni kurasa za michezo, timu inapotwaa kombe. Ya pili ni barua za serikali. Sheria ya Utwaaji Ardhi ni ya mwaka 1967, na katika mikoa hii yenye madini hata bibi ambaye hakuona mlango wa shule anajua maana ya shamba kutwaliwa. Ajabu, ndilo neno la shughuli hiyo ambalo sisi waandishi tumeliachia makarani. Nimesoma hadithi za vijana kuhusu watu waliohamishwa kupisha migodi, na kila mara mashamba "yanachukuliwa", kama vile mtu kapita akaokota. Twaa ina mhuri na sahihi. Ukiiweka, msomaji anamwona mtu mwenye faili.

Kitu kinachoniuma zaidi ni hiki. Nilipokuwa shuleni niliandika kwenye insha ya Kiingereza kwamba baba yangu "beat a picture" mjini. Alikwenda studio kupiga picha, mwenzenu nikatafsiri nilivyojua. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, wenzangu wakacheka hadi machozi, kisha nikala viboko. Sawa, nilikosea, na sijasahau. Lakini hebu niambieni, nani amewahi kuchekwa kwa kuandika "alichukua picha" kwenye insha ya Kiswahili? Kosa ni lile lile, limegeuzwa tu upande. Kuipotosha lugha ya Mwingereza ni ujinga. Kuipotosha ya kwetu ni mtindo.

Na hiyo piga yenyewe tunaambiwa ni ya wavivu, eti mwandishi mzuri asiitumie ovyo. Kwani ovyo ni wapi? Tunapiga simu, pasi, mswaki, kura, magoti, hodi, miayo, na hakuna anayeumia. Ukiangalia vizuri, kuna kishindo au mguso wa ghafla ndani ya karibu zote, na wakati mwingine ni kitendo kinachomalizika kwa dakika moja. Picha inapigwa kwa sababu kitufe kinalia tap. Ndani ya piga kuna mkono unaofanya kazi. Mwalimu Nyerere alikijua Kiingereza kuliko sisi sote tukijumlishwa, lakini alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare iliyotoka 1969 hakuwaita wale matajiri wafanyabiashara tu. Aliwaita Mabepari wa Venisi, kwa sababu alikuwa na lake la kusema. Mtu anaweza kumwona amezidisha, lakini hawezi kusema neno lilimponyoka.

Tusidhani haya ni ya daftarini tu. Bibi yangu alikwenda kutibiwa mahali fulani, sipataji. Kijana aliyemhudumia, mpole tu, na bila shaka aliyesomea kazi yake kwa Kiingereza, akamwambia: "Bibi, dawa hii utachukua mara tatu kwa siku." Bibi akapewa vidonge vya kuanzia, akavimeza, akarudi nyumbani. Saa saba mchana na jua lile namwona anajifunga kanga. Bibi wapi? "Nafuata dawa. Kasema nichukue mara tatu." Pakiti nzima ilikuwa kwenye mfuko wake, hakuifungua. Tulicheka sana siku hiyo, na yeye alicheka. Lakini mtu angemwambia "utameza", asingekanyaga vumbi la barabara ile mara ya pili.

Sasa ajabu ni kwamba huko mtaani, ambako sisi wasomi tunasema lugha imeharibika, kosa hili silisikii. Konda anachanganya Kisukuma, Kiswahili na Kiingereza cha kuokota, lakini anasema panda, shuka, kaa, sogea. Hajawahi kumwambia mtu achukue basi. Nenda mwaloni wanakoosha mchanga wa dhahabu. Utasikia maneno kibao ya kigeni, karasha na mengine, lakini vitenzi ni vya pale pale: jiwe linasagwa, mchanga unaoshwa, zebaki inakamata. Sikiliza hiyo inakamata! Zebaki inayazungukia yale mavumbi ya dhahabu na kuyashika isiyaachie. Mwandishi wetu, ambaye amefanya kazi mwaloni miaka miwili na mikono yake inajua, aliandika kwamba zebaki "ilichukua dhahabu". Alipokuwa anaosha alisema kweli. Alipokaa kuandika akavaa tai.

Sisemi tufute kila kitu. Kuchukua hatua kumeshaota mizizi, kuchukua muda vilevile, na atakayejaribu kuving'oa atapoteza muda wake. Na mtoto "kachukua sura ya mama yake" ni usemi wetu wenyewe. Kama Mwingereza naye anao unaofanana, basi tumekutana njiani. Sitoi orodha ya ruksa na marufuku. Ninachomwomba mwenzangu ni kwamba akiandika kitenzi hiki asimame kidogo ajiulize: mama yangu akisikia hapa, ataona nini?

Yule kijana alilichukua daftari lake (naam, alilichukua, lilikuwa juu ya meza) akaenda kulishughulikia. Akarudi baada ya wiki tatu. Harusi imefanyika. Mgeni kakaribishwa. Zebaki imekamata. Na ile sentensi ya dada imekuwa aya nzima, maana alipoandika "alimwoa" aliona haitoshi, ikabidi awalete ng'ombe uani, na baba wadogo wanaobishana kuhusu yule mmoja mwenye pembe iliyovunjika. Ndiyo sehemu bora ya hadithi sasa, na haikuwemo.

Nikafika ukurasa wa mwisho. Usiku wa mvua, matimba yameoza, udongo unaanguka, na asubuhi wanakuja kumwambia dada: "Duara limemchukua." Niliwahi kuipigia mstari hiyo nayo. Nikamwambia, hapa umesahau. Akanitazama. Akasema hapana, hii hakuitafsiri kutoka popote, ndivyo walivyokuja kusema mlangoni kwao siku shemeji yake alipofukiwa, neno kwa neno, na hawezi kubadilisha.

Nikaufuta ule mstari wangu kwa raba, ukabaki alama kidogo.