Kutuma si Kufika: Uhakiki wa Lugha ya Programu za Barua Pepe kwa Kuzingatia Masisi na Walikale

Makala haya yanahusu lugha ya Kiswahili inayotumika katika programu za barua pepe, yaani zile programu zinazokaa ndani ya kompyuta ya mezani na kumwezesha mwenye kompyuta kusoma, kuandika na kupeleka barua zake. Wanaisimu wamekwisha kuuzungumzia msamiati huo mara nyingi, lakini aghalabu wameuzungumzia neno moja moja. Je, "barua pepe" imeundwa vizuri? "Nywila" inakubalika? "Tarakilishi" ina haki ya kuishi mbele ya "kompyuta"? Maswali hayo ni halali, ila hatudhani kwamba yanatosha. Programu ya barua pepe ni zaidi ya orodha ya istilahi. Ni usemi mzima juu ya barua: inaanzia wapi, inasubiri wapi, inabebwa na nani, na ni lini inahesabiwa kuwa imefika. Usemi huo unaweza kuhakikiwa kama kazi nyingine yoyote ya lugha. Kipimo tulichochagua ni wilaya mbili za Kivu ya Kaskazini, Masisi na Walikale, ambako swali la barua kufika au kutofika halijawahi kuwa la nadharia.

Kwa msomaji aliye mbali na huko, maelezo machache yanahitajika. Masisi ni nchi ya vilima na malisho, magharibi ya Goma. Barabara hupita Sake, kiasi cha kilomita 25 kutoka mjini, kisha hupanda milima. Walikale, iliyo mbele zaidi, ni msitu, nayo ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za jimbo hilo, ikiwa na takribani kilomita za mraba 23,000. Kwa miaka mingi barabara ya kwenda huko ilikuwa mbovu kiasi kwamba ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha lami huko Kilambo ili kubeba kasiterite iliyotoka Bisie. Wenyeji husema Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga, Kikumu na lugha nyinginezo, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Kiswahili hicho husema "ku Masisi" mahali ambapo kile cha vitabuni kingesema "Masisi" tu, nacho hukopa kutoka Kifaransa pasipo kuomba ruhusa ya baraza lolote.

Tuanze na sifa, maana ipo. Programu ya barua pepe ya kompyuta ya mezani ilibuniwa katika zama ambazo kuunganishwa na mtandao kulikuwa tukio la dakika chache. Ray Tomlinson alipeleka ujumbe wa kwanza kati ya kompyuta mbili za mtandao mwaka 1971. Eudora ya Steve Dorner ilitokea mwaka 1988, na Pegasus Mail ya David Harris mwaka 1990. Programu za namna hiyo zilimruhusu mtu kuandika barua zake zote akiwa hana mtandao, akaziweka katika sanduku la zinazosubiri kutoka, kisha akaunganisha simu kwa muda mfupi: zilizoandikwa zikaondoka, zilizoletwa zikashuka, simu ikakatwa. FidoNet, iliyoanzishwa na Tom Jennings mwaka 1984 na kuhudumia watu wa Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilifuata kanuni iyo hiyo ya kupokea, kuhifadhi na kupitisha. Katika miaka hiyo ya 1990 mashirika ya misaada yalianza pia kupitisha barua pepe juu ya redio za masafa marefu, ambazo Wakongo huziita fonie.

Mtu wa Walikale hahitaji kufundishwa mantiki hiyo. Ndiyo mantiki ya barua inayopewa dereva wa lori, au mwendesha pikipiki, au abiria wa ndege aliyepata nafasi juu ya magunia ya madini. Barua huandikwa leo. Huondoka siku njia ikipatikana. Jenereta huwashwa saa moja jioni, kompyuta hufanya kazi yake, na giza hurudi. Tunadiriki kusema kwamba programu hiyo ya zamani, ambayo vijana wa mjini huicheka, inaafiki maisha ya Masisi na Walikale kuliko simu ya kisasa inayodhani kwamba mtandao upo siku zote.

Sasa tazama jinsi Kiswahili kilivyoivika nguo programu hiyo. Lile sanduku la kusubiri, ambalo ndilo moyo wa jambo lote, karibu halina jina linalokumbukwa na watu. Sanduku la zilizopokelewa lina majina mengi: kikasha, kikasha pokezi, na mengineyo. Rasimu zina jina zuri, lililokuwapo tangu zamani. Taka zina jina. Lakini kusubiri hakukutafutiwa neno, kwa sababu, tunavyoona sisi, waliotafuta maneno waliishi mahali ambapo barua haisubiri. Huo ni upungufu mdogo. Kosa kubwa liko katika kitufe.

Kitufe husema "Tuma". Barua ikishapita hapo huhamia katika orodha ya "Zilizotumwa", na programu huona kazi imekwisha. Msomaji na akumbuke ukoo wa neno hili. Katika Kiswahili kinachotumwa kwanza ni mtu. Humo ndimo walimotoka mtume, mtumwa na mtumishi. Na katika Kiswahili cha Kongo "kutumika" hadi leo maana yake ni kufanya kazi. Kutuma ni kumwamuru mtu aende na arudi, na aliyetumwa asiporudi hakuna mwenye akili atakayesema kwamba shughuli imekwisha. Kiswahili kina vitenzi vinne kwa safari hii: kutuma, kupeleka, kufika, kupata. Kila kimoja kina mahali pake. Programu imechukua cha kwanza ikakibebesha mzigo wa vyote vinne. Orodha hiyo ingeitwa "Zilizoondoka" ingesema kweli, wala isingeahidi lisilokuwepo.

Huenda msomaji akaona tunakuza jambo dogo la msamiati. Basi na tutazame lililotokea Walikale mwaka 2010. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti mwaka huo, waasi wa FDLR pamoja na Mai-Mai Cheka walivamia Luvungi na vijiji vingine vya barabara ya Kibua na Mpofi. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu ilihesabu baadaye watu wasiopungua 387 waliobakwa katika vijiji 13. Kambi ya walinda amani wa MONUSCO ilikuwa Kibua, kilomita zipatazo 30 kutoka Luvungi. Simu za mkononi hazikuwa na mawimbi huko. Viongozi wa ujumbe huo walisema kwamba habari za ubakaji wa halaiki ziliwafikia tarehe 12 Agosti. Kisha iliripotiwa kwamba barua pepe ya ndani ya Umoja wa Mataifa, ya tarehe 30 Julai yenyewe, ilikuwa imekwisha kuwatahadharisha watumishi wa misaada kwamba waasi wameingia eneo la Mpofi. Mwezi Septemba, mbele ya Baraza la Usalama, Atul Khare alikiri kwa niaba ya Umoja wa Mataifa kwamba hatua zilizochukuliwa hazikutosheleza.

Hatusemi kwamba neno moja la kompyuta ndilo lililosababisha maovu hayo. Kusema hivyo kungekuwa upuuzi, na tena ni kuwapunguzia wahalifu dhambi yao. Tunasema kwamba barua ile ilikuwa, kwa istilahi ya programu, "imetumwa". Pengine ilikuwa pia "imesomwa". Orodha zote zilikuwa sahihi, kila kitu kimekaa katika sanduku lake, ilhali kule kijijini hakuna lililofika. Lugha inayomwezesha mtu kusema "nilituma" na kujiona ametimiza wajibu ni lugha yenye kasoro, na mhakiki ana wajibu wa kuionyesha kasoro hiyo kama anavyoonyesha uongo wa mhusika katika riwaya.

Jambo la pili ni mbebaji. Katika barua ya kupeana mkononi, kama wengi walivyozoea kuiandika, kulikuwa na sentensi ya mwisho iliyosema kwamba mengine utaelezwa na huyu aliyekuletea. Hiyo haikuwa adabu tupu. Barua ilikuwa nusu ya ujumbe. Nusu ya pili ilikaa kinywani mwa mtu. Kwenye barabara yenye bariera, yaani vizuizi vya watu wenye silaha, karatasi huweza kufunguliwa na kusomwa, kwa hiyo lililo zito haliandikwi. Mpokeaji naye humtazama mleta barua usoni, humuuliza ametoka lini na amemwacha nani, na kwa majibu hayo hupima ukweli wa kilichoandikwa. Barua pepe inapita juu ya bariera zote, na hiyo ni faida ambayo hatutaki kuidharau. Lakini haiji na uso. Tena hudai kila kitu kiandikwe, na hutunza nakala: aliyeandika anayo, aliyepokea anayo, na programu ya mezani huzishusha zote katika mashine moja juu ya meza moja. Ofisi ikivamiwa na mashine ikachukuliwa, si barua moja iliyokamatwa barabarani. Ni barua zote za miaka yote, pamoja na majina ya walioziandika. Neno "kikasha" halimwonyi mtu juu ya hilo. Kikasha kwetu ni kitu kidogo cha siri, cha kuhifadhia pete na hati, chenye kufuli. Hapa jina lina uzuri kuliko kitu chenyewe.

Inafaa kukumbuka kwamba baada ya 2010 MONUSCO iliongeza wasaidizi wa uhusiano wanaosema lugha za wenyeji, na ikagawa simu na redio kwa watu wa vijijini ili watoe tahadhari. Kwa lugha yetu, ilimrudisha mbebaji.

Jambo la tatu ni kimya. Wanyanga wa Walikale wana utendi wa Mwindo, ambao Daniel Biebuyck aliunakili mwaka 1956 kutoka kwa msimulizi Shekarisi Rureke, na ambao aliuchapisha pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969. Humo Mwindo, akiwa anashuka chini ya ardhi kumtafuta baba yake, humwachia shangazi yake Iyangura ncha ya kamba. Kamba ikitikisika, yu hai. Ikitulia, ajue kwamba amekufa. Wahakiki wameijadili kamba hiyo kama alama ya ukoo na ya kitovu, wala hatuna ugomvi nao. Sisi tunaiona pia kama nadharia ya mawasiliano, na iliyo bora kuliko ile ya programu tunayoihakiki. Kwanza, ujumbe hupita njia mbili juu ya uzi mmoja. Pili, kimya chenyewe ni habari, kwa kuwa wawili hao wamepatana mapema juu ya maana yake. Katika programu ya barua pepe kimya hakina maana yoyote. Barua isiyojibiwa huweza kuwa haikufika, au jenereta haina mafuta, au mwenyewe amehama, au amekufa. Orodha ya "Zilizotumwa" inabaki vile vile. Mwezi Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi mjini, kisha Goma; mwezi Machi waliingia Walikale mjini, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Aliyekuwa na ndugu huko siku hizo anajua uzito wa kutazama orodha isiyotikisika.

Kuhusu fani ya barua yenyewe tutasema kidogo. Programu huonyesha katika orodha jina la mwandishi, mada, na pengine maneno machache ya mwanzo. Barua ya Kiswahili huanza kwa salamu na hukawia kufika kwenye shina lake, hivyo dirisha dogo hilo hujaa salamu, na lililo muhimu hubaki chini. Wako wanaoshauri kwamba salamu ziondolewe. Hatukubaliani nao: salamu ndiyo sehemu inayoonyesha kwamba mwandishi ni yeye kweli, maana kila mtu ana namna yake ya kuwataja watoto, wagonjwa na wazee wa nyumba. Mada ndiyo iandikwe kwa makini zaidi, kama ile "Yah." ya barua za serikali.

Nini basi kifanywe? Waundaji wa istilahi wamezoea kwenda kwenye kamusi, na kutoka kamusi ya Kiingereza hadi ile ya Kiarabu. Wangeanzia kwenye kibanda cha fonie. Mtu wa fonie huita, husema jina la kituo chake, hutoa ujumbe, kisha hangoji hivi hivi; huuliza, "Umenipata?" Wa upande wa pili hujibu "Nimekupata", au kwa Kifaransa cha redio, "bien reçu", na mara nyingi hurudia namba na majina aliyoyasikia. Mpaka hapo ndipo ujumbe huandikwa daftarini kuwa umepita. Programu ya barua pepe inacho chombo cha kufanana na hicho, stakabadhi ya kupokelewa, lakini kimefichwa ndani ya mipangilio, aghalabu kimezimwa, na tafsiri zake ni nzito mno kutamkika. Tungependekeza kiitwe "Umenipata?", na jibu lake liwe kitufe kimoja, "Nimekupata". Barua ambazo hazijajibiwa hivyo zingekaa katika orodha yao wenyewe, yenye jina la wazi: "Hazijafika".